Mbwa wako anakuamini au anakuogopa? Tuzungumze kuhusu uongozi wa utulivu

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mtu akiuliza afanyeje na mbwa mkorofi, jibu la kwanza huwa "mwoneshe bosi ni nani". Nililifuata jibu hilo kwa miezi sita na nusura nimpoteze mbwa wangu. Naandika kirefu kwa sababu najua humu ndani kuna mtu ambaye leo hii ana mbwa kama wangu alivyokuwa, na anaendelea kumkandamiza akidhani anamlea.

Bosko nilimchukua akiwa na miaka miwili hivi. Juu ya alikotoka sikuambiwa lolote la maana, ila siku ya tatu niliposhika ufagio nifagie ua, alinieleza mwenyewe. Alijibana ukutani, mkia ukaingia katikati ya miguu, akalala ubavu na kujikojolea huku uso kaugeuzia ukuta. Sikuwa nimemgusa. Hata kumtazama sikuwa nimemtazama.

Nikamwelewa vibaya kabisa. Nikasema moyoni, huyu anajua heshima. Basi nikaendelea pale alipoishia mwenye wake wa kwanza, bila fimbo lakini kwa nia ileile. Akinguruma, namkemea kwa sauti nzito. Akinikazia macho, namkazia mpaka ayaondoe yake. Akigoma kushuka kwenye kiti, namlaza chali na kumbana chini mpaka alegee. Mwezi wa nne akaacha kunguruma, nikaamini kazi imekwisha.

Mwezi wa sita, jioni moja tukiwa langoni, akamwona mbwa mwingine ng'ambo ya barabara. Nikamdaka mkanda wa shingoni kwa hasira. Hakunguruma wala hakutoa meno. Aligeuka mara moja tu na meno yakazama chini ya kidole gumba. (Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nikaenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa fanya hivyo, usijitibu nyumbani.)

Nilipotulia na kulipitia jambo lile tangu mwanzo, niliona nimelitengeneza mwenyewe. Kunguruma ni kauli. Mbwa anasema: hapa nimefika mwisho, nipishe. Kila aliposema nilimwadhibu, akajifunza kutosema. Hofu yake haikupungua hata chembe. Kilichoondoka ni onyo. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Mimi nilijinyima nafasi hiyo, na niliwanyima watoto wa nyumbani vilevile, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka usingizi hunipotea.

Habari hii ya "bosi" ina chanzo chake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamefungiwa pamoja kwenye eneo finyu, pasipo njia ya kuondoka wanapogombana. Ugomvi wao ukachukuliwa kuwa ndiyo desturi yao. Mmarekani L. David Mech akaieneza fikra hiyo zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyohuyo alikwenda kuwatazama mbwa mwitu wakiwa huru, miaka mingi ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere kule Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi, na wanaongoza kwa kuwa ni wazazi, si kwa kuwa walishinda pambano. Tangu hapo amekuwa akiwaomba watu waache lile neno walilolizoea la dume mkuu. Na hao ni mbwa mwitu. Mbwa wa nyumbani ameishi na sisi maelfu ya miaka, anatujua sisi kuliko anavyowajua wao.

Sasa uongozi wa utulivu ni nini? Kwa maoni yangu ni mbwa kujua utafanya nini kabla hujafanya. Basi. Leo anapanda kitini unacheka, kesho anapanda unampiga: huyo mbwa hana kiongozi, ana hali ya hewa. Lakini kama kila siku kabla ya lango kufunguliwa unasubiri miguu yake minne itulie chini, bila kelele, bila kumvuta, na lango linafunguka pale tu anapotulia, baada ya muda ataketi mwenyewe na kukutazama. Anakutazama kwa kuwa anajua jibu liko kwako.

Nirudi kwenye ufagio, maana ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote.

Niliuegemeza kwenye kona ya mbali ya ua nikauacha hapo, hausogezwi. Nikakaa upande wa pili na kibakuli kidogo cha nyama iliyokatwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Bosko akiutazama ufagio, kipande kinaanguka mbele yake. Akiutazama tena, kingine. Kuna kitu kinachowakosesha wengi hapa, nacho ni mpangilio. Ufagio kwanza, nyama baadaye. Mrusi Ivan Pavlov alilionesha hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita: mbwa hutokwa na mate kwa kile kinachotangulia chakula. Ukigeuza, ukatoa nyama kwanza ndipo ukashika ufagio, nyama yenyewe itageuka kuwa habari mbaya. Nimeona mbwa anayemkimbia mtu mara tu anapoingiza mkono mfukoni, kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ya pili niliusogelea nikasimama karibu nao bila kuushika. Wiki ya tatu niliugusa kwa kidole. Masikio yake yakirudi nyuma, au akijilamba midomo wakati hakuna chakula mdomoni, najua nimeharakisha, narudi hatua moja. Kuuinua kutoka ardhini kiasi cha shibiri moja kulinichukua wiki saba. Wapo mtakaoona ni muda mwingi. Mimi nilishatumia miezi sita kumharibu.

Katika siku hizo nilikuwa na mazoea ya kukaa kwenye ngazi jioni, mgongo nimempa yeye, simwiti wala simtazami. Siku ya kumi na moja nilihisi uzito mdogo juu ya kiatu. Ni kidevu chake. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi, naye alipoamka na kwenda zake nikamwacha aende. Siku iliyofuata alikuja mapema zaidi.

Karibuni kwa maswali na hata kupinga.

#2 mlinda_lango

Mkuu, hadithi nzuri na pole kwa kidole. Lakini mimi nafuga mbwa wa ulinzi miaka mingi, na nakwambia mbwa asiyeogopa haheshimu. Hizi nyama na kubembeleza ni za mbwa wa sebuleni. Mbwa wa lango akizoea upole, mwizi naye atamlisha nyama. Na mbwa akikosea anajua kabisa kakosea. Wangu akitafuna viatu, nikiingia tu anainamisha kichwa. Huyo hajui kosa lake?

#3 Mleta uzi

Mkuu mlinda_lango, nashukuru kwa kusema wazi. Nianze na hicho kichwa kinachoinama, maana nami niliamini hivyo.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alifanya jaribio dogo la busara. Mwenye mbwa anamkataza mbwa kula kitu, anatoka chumbani, na akirudi anaambiwa mbwa kala au hajala. Wakati mwingine alichoambiwa si kweli. Ule uso wa "nimekosa" ulikuja zaidi pale mwenye mbwa alipokemea, haijalishi mbwa alikuwa amekula au la. Hata asiyekula, alipokemewa aliinama. Kwa hiyo wako anasoma uso wako na namna unavyoingia mlangoni. Anakuomba utulie. Viatu vya saa tatu zilizopita havimo kabisa kichwani mwake wakati huo, na ukimpiga, anachojifunza ni kwamba wewe kuingia nyumbani ni hatari.

Kuhusu kuogopa na ulinzi, jiulize mbwa mwoga analindaje. Anabwekea kila kitu: jani, mtoto, mgeni, mwizi, vyote sauti moja. Baada ya muda hata wewe huamki. Mbwa aliyetulia hunyamaza kwa yale anayoyajua, akibweka unajua kuna jambo. Na nyama ya mwizi haihusiani na upole wa mwenye mbwa. Mbwa aliyepigwa akiwa na njaa ataila haraka zaidi. Kutopokea chakula kwa mgeni ni somo linalojitegemea, na linafundishwa.

Kuhusu ukali wenyewe, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Meghan Herron na wenzake, waliwauliza wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wao kutibiwa tabia ni njia gani walishatumia na mbwa aliitikiaje. Waliompiga au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliomlaza chali na kumbana, asilimia 31. Waliomkazia macho, asilimia 30. Mimi nilitumia hizo mbili za mwisho kwa Bosko. Kidole changu kimo katika hesabu hiyo hata kama hakuna aliyenihoji.

#4 mama_pacha

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nina watoto pacha wa miaka mitatu. Mbwa wetu jike ni mpole siku nzima, ila watu wakisogea wakati anakula anagandamana na bakuli na kutoa sauti ya chini. Mume wangu anasema tuwe tunamnyang'anya bakuli kila siku mpaka azoee. Naogopa. Nifanye nini?

#5 Mleta uzi

Dada, sikiliza hofu yako, iko sahihi. Kwanza kabisa, kuanzia leo jike ale mahali ambapo watoto hawafiki, mlango umefungwa. Hili halisubiri mafunzo. Mtoto wa miaka mitatu uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa na hawezi kusoma ishara.

Mwambie shemeji kwa heshima: kumnyang'anya kila siku kunamthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli. Alidhani mnakuja kuchukua, na kweli mmechukua. Tunachotaka ni aone mtu anayesogea anakuja kuongeza.

Afanye mtu mzima peke yake. Simama mbali, pale ambapo anakula bila kubadilika hata kidogo. Rusha kipande cha kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, kiangukie karibu naye, halafu geuka uondoke. Kuondoka ni sehemu ya somo, usiiruke. Mara nne au tano kwa mlo inatosha. Siku nyingine, akikuona unakuja akiinua kichwa na mwili umelegea, sogea hatua nusu. Angalia mwili zaidi ya sauti: akianza kula harakaharaka, akiganda na mdomo ndani ya bakuli, au ukiona weupe wa jicho lake pembeni, umeshakuwa karibu mno. Usimkemee anaponguruma. Rudi nyuma, kumbuka umbali huo, kesho anza mbali zaidi.

Kama ameshawahi kuuma mtu kwa ajili ya chakula, usijaribu haya peke yako, tafuta daktari wa mifugo kwanza. Maumivu ya jino au tumbo humfanya mbwa mpole awe mkali, na hapo hakuna mafunzo yatakayosaidia kabla ya tiba.

#6 kijana_mfugaji

Mkuu, mbwa wangu mimi ana miezi minane. Alikuwa ananisikia vizuri tu, keti, njoo, subiri. Sasa namwita ananitazama halafu anaendelea na yake. Cha kushangaza mjomba akija akimwambia keti, anaketi! Nimeanza kuona ananidharau.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, ulichoandika kimeandikwa karibu neno kwa neno na watafiti. Mwaka 2020 Lucy Asher na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti juu ya mbwa wachanga waliokuwa wakiandaliwa kuwaongoza wasioona. Wakiwa na miezi minane walikuwa wazito kumtii anayewalea kuliko walivyokuwa na miezi mitano, lakini mtu wasiyemjua akiwaamuru kuketi, walitii. Ni balehe. Na ilikuwa kali zaidi kwa wale ambao uhusiano wao na mlezi haukuwa na utulivu. Baadaye hali ilitengemaa.

Kwa hiyo hakudharau. Hatari ya umri huu ni wewe kuumia moyo na kuanza ukali, halafu akivuka balehe anakukuta si yule aliyekuwa anamwamini. Punguza mambo unayomwomba. Mfunge kamba ndefu mkiwa nje ili asijifunze kwamba "njoo" ni neno la hiari. Na zingatia hili: usimwite kamwe kwa jambo baya. Kuoga, kufungwa, kukemewa, kukatwa kucha, mfuate wewe alipo. Ukimwita akaja, hata kama amechelewa na wewe damu imekuchemka, apokewe vizuri. Ukimchapa kwa kuchelewa, kwake yeye umemchapa kwa kuja.

#8 mlinda_lango

Mkuu nimerudi. Nimesoma uzi wote mara mbili. Nina dume mmoja nisiyemsema hapo juu, akiona mbwa mwenzake anasimama kwa miguu miwili, anavuta mpaka mkono unauma. Naambiwa nitulie. Kwa kweli siwezi, moyo unadunda tangu mbali nikiona mbwa mwingine anakuja. Hapo unafanyaje?

#9 Mleta uzi

Asante sana mkuu kwa kurudi. Swali hili ndilo zito kuliko yote, na mimi lilinichukua muda mrefu.

Mbwa anajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping kule Uswidi mwaka 2019 walipima kiasi cha homoni ya msongo katika nywele za mbwa 58 na za wenye mbwa hao, wakakuta viwango vya muda mrefu vinakwenda sambamba. Lakini pale barabarani yeye hahitaji homoni kukusoma, ana kamba. Ukimwona mbwa mwingine, mkono wako unakaza kabla hujajua. Kamba inakaza, mkanda unabana koo, na dume wako anapokea taarifa: huyu bwana naye kaona hatari. Sasa mko wawili mnaoogopa.

Usijilazimishe kutulia moyoni, haiwezekani kwa amri. Rekebisha vile unavyoviweza. Umbali ndio wa kwanza. Kama anaruka akiwa hatua kumi kutoka kwa mbwa mwingine, wewe fanyia kazi hatua arobaini. Pale anaona, anasimamisha masikio, lakini bado anaweza kula na kukusikia. Akikataa nyama aliyokuwa akiipenda nyumbani, umeshapita mpaka, geukeni mwondoke bila maneno. Kisha pumzi: toa pumzi ndefu, mabega yashuke, mkono wenye kamba uushushe mpaka usawa wa nyonga. Mimi niliweka fundo dogo kwenye kamba, kidole kikiligusa nakumbuka kulegeza.

Akimwona mwenzake, mtaje jina mara moja kwa sauti ya kawaida. Akigeuza kichwa kwako, nyama papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa utakuwa umelipa kitu kingine. Mara tatu au nne, mwende nyumbani. Siku akipatwa na kishindo kikubwa, mpe siku mbili tatu bila matembezi ya barabarani; hofu ya asubuhi hujilimbikiza juu ya ile ya jioni, na utamwona akilipuka kwa kitu kidogo.

Jifunze pia ishara zake ndogo kabla ya kishindo: kupiga miayo wakati hana usingizi, kujilamba pua, kugeuza uso pembeni, kunusa chini ghafla, kujikung'uta kama aliyelowa. Anakuomba umsaidie. Ukiziitikia hizo ndogo, zile kubwa hatazihitaji tena. Na mkia unaotikisika usikudanganye: ukiwa umesimama juu, mgumu, unatikisika kwa haraka na mwili umekakamaa, hiyo si furaha.

#10 mama_pacha

Kaka, mrejesho. Ni wiki ya nne. Watoto hawaoni tena bakuli. Mume wangu ndiye anayerusha vipande, alianzia mlangoni. Jana alipofika karibu hatua tatu, jike aliacha chakula chake, akamtazama huku mkia unakwenda taratibu, masikio yamelegea. Mume wangu alitoka akaja kuniambia jikoni kwa kunong'ona kama vile mbwa angesikia. Kesho asogee hatua mbili?

#11 Mleta uzi

Dada, nimesoma ujumbe wako nikaiita familia nzima wausikie. Mpongeze shemeji kwa niaba yangu.

Kesho asisogee. Abaki hatua tatu kwa siku nne au tano, aone uso ule unarudi kila mara bila kusita, ndipo ajaribu hatua mbili na nusu. Na mlango wa watoto uendelee kufungwa hata mambo yakiwa mazuri namna gani.

#12 mlinda_lango

Hatua arobaini ilikuwa ndogo. Tumeanzia sitini, uwanja mtupu, alfajiri. Leo alimwona mbwa mmoja mbali, akanigeukia kabla sijamtaja jina. Nilichelewa kutoa nyama, mkono ulikuwa unatetemeka. Je, nimeharibu?

#13 Mleta uzi

Hujaharibu mkuu. Amekugeukia wewe. Kesho weka vipande mkononi kabla ya kutoka nyumbani, usiviache mfukoni, na mkimaliza mara ya tatu geuzeni mrudi, hata kama bado anaweza.